Kumpeleka Mama Mkwe Runazi kwa Jua la Septemba

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza ilikuwaje safari ya nusu siku ikala siku mbili. Wengine mmeniuliza baada ya misa, wengine njiani, na mmoja aliniuliza nikiwa nakata mbao, nusura msumeno unipitie kidole. Nimekuwa nikiwapa vipande, huyu kipande hiki, yule kile, halafu nasikia habari zinarudi kwangu zimeongezewa chui. Hakukuwa na chui. Kaeni niwasimulie yote kwa mara moja.

Murukulazo hadi kwenye lami

Shemeji yangu Konsolata, mdogo wake mke wangu Redempta, ameolewa Runazi na kijana wa Kisukuma anayeitwa Mabula. Mama yao, yaani mama mkwe wangu, Mama Anastazia, hakuwahi kukanyaga huko kwa miaka minne, kwa sababu ndoa haikupita kanisani na yeye alisema hataingia katika nyumba ambayo padri hajaingia. Mwezi wa nane Konsolata akajifungua mapacha. Mama akakaa kimya wiki mbili. Wiki ya tatu akamwambia Redempta kwamba anataka kuwaona wajukuu wake, na tusimuulize mengi.

Mpango ulikuwa mzuri. Mimi niendeshe kile kigari changu cha kubebea mbao, Redempta akae nyuma na mama yake. Lakini Redempta akapangiwa kusimamia mtihani wa darasa la saba wiki ile ile, na mama alikwisha sema siku. Tukabaki wawili, mimi na mama mkwe.

Kwa wale mliooa mbali, niwakumbushe hali ilivyo kwetu. Mama Anastazia hali mbele yangu, nami sili mbele yake. Hatutazamani usoni. Likiwepo neno, linapitia kwa Redempta, linakwenda na kurudi kama barua. Katika nyumba yenye vyumba vitatu jambo hili halina shida. Katika gari dogo ni habari nyingine.

Nilijiandaa. Fundi wetu wa magari aliniambia nipime upepo wa tairi alfajiri zikiwa bado baridi, nijaze maji kwenye rejeta, nibebe dumu la akiba, na nisifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto hata nikiombwa na askofu. Kiyoyozi hatukukizungumzia, kwa kuwa kilikufa kabla gari halijawa langu. Dawa ya joto ilikuwa kuondoka mapema, tufike Runazi kabla jua halijakasirika.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa mlangoni kwa mama mkwe, hapa hapa Murukulazo. Tuliondoka saa nne kasoro. Kwanza zilipakiwa ndizi, mikungu mitatu. Kisha gunia la maharage. Kisha majirani wakaja mmoja mmoja kutuma salamu kwa Konsolata, na kila salamu ilikuwa na historia yake. Mwisho kuku, jike jekundu lililoandaliwa kuwa zawadi, akachomoka mikononi na kuingia migombani, na ukoo mzima ukamfuata. Alipokamatwa, mimi nilikuwa nimeloa jasho na jua lilikuwa limeshapanda.

Mama akakaa nyuma yangu kabisa, mahali ambapo hata kioo hakiwezi kumwonyesha, kanga imefunika kichwa, kuku amefungwa miguu na kulazwa mapajani. Tulikwenda kimya mpaka tulipopita mto. Ndipo nikasikia sauti yake.

"Wewe kuku, mwambie huyo anayeendesha kwamba mlango huu unagonga."

Nikafikiri kidogo, kisha nikamwambia kuku kwamba nimesikia, na mlango ulikuwa hivyo tangu zamani. Kuku akapokea. Tangu hapo tukawa na mjumbe.

Kupanda kuelekea Nyakahura

Mnaoishi huku juu mnafikiri mnalijua jua. Teremkeni upande ule mwezi wa tisa, kabla mvua hazijaanza. Nyasi zimechomwa, miti imebaki mifupa, na lami mbele yako inatetemeka kama maji ambayo huyafikii. Nilifungua madirisha yote manne, na upepo uliokuwa ukiingia ulikuwa kama wa tanuri la matofali. Malori ya kutoka mpakani yakawa yanatupita, na kila moja linatuachia moshi wake.

Maji tulikuwa nayo. Dumu la kunywa la lita tano nililiweka miguuni pa mama pamoja na kikombe. Mimi nikisikia kiu nilisimama, nikaenda nyuma ya gari na chupa yangu, nikanywa nikiwa nimegeukia porini, kama adabu inavyotaka. Mara mbili nilimuuliza kuku kama abiria wamekunywa. Kuku akajibu kwamba abiria hawana kiu.

Baadaye nikamsikia kuku mwenyewe anahema, nikageuza jicho mapajani tu, amepanua mdomo, mabawa ameyaachia. Nikaegesha chini ya mti pekee wenye majani na kumwambia ni vizuri apewe maji. Mama akamimina kwenye kikombe, kuku akanywa, akatikisa kichwa, akanywa tena. Nikafurahi sana, nikajiona dereva mwenye huruma. Niliona kiu ya kuku. Sikuona zaidi ya hapo.

Kwenye mlima mrefu mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikajifanya sijauona. Ukafika kwenye nyekundu, na moshi mweupe ukatoka mbele, nikaegesha. Palikuwa na lori limepumzika, na dereva wake amelala chini ya tela, kivulini. Aliamka, akaja taratibu akiwa na kikoi shingoni. Kwa Kiswahili chake nilijua ametoka Tanga au karibu na hapo, maana alinisalimia kwa maneno mengi kuliko tunayotumia sisi kwa wiki. Alimwamkia mama shikamoo, akanisifu kwa kumtembeza mama yangu mzazi, siku hizi vijana hawana moyo huo. Sikumsahihisha. Ingekuwa hadithi ndefu.

Mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye mfuniko wa rejeta. Akaushika. Akanionyesha kovu kuanzia kiganja mpaka kiwiko, akasema lile lilikuwa kosa lake la kwanza na la mwisho. Tukasubiri karibu saa nzima, mama akiwa ndani ya gari kwa sababu hakutaka kukaa karibu na wanaume wawili. Injini ilipopoa dereva akaona mpira wa rejeta una ufa. Akaufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, tukaongeza maji ya dumu la akiba, kisha akaniambia niwashe hita mpaka mwisho.

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa watu wa pwani kwa watu wa bara. Yeye hakucheka. Akaeleza kwamba hita inavuta joto kutoka kwenye injini na kulileta ndani, kwa hiyo injini inapata nafuu.

"Gari litapona," akasema. "Nyinyi mtaiva kidogo. Nenda polepole mpaka Nyakanazi, kuna mafundi. Na bibi mpe maji."

Nikamwambia bibi ana dumu zima. Tukashukuru, tukaondoka.

Na hita mpaka Nyakanazi

Sitaki kuwaeleza sana habari ya hita. Fikirieni mtu anapika ugali miguuni mwako. Usukani ulikuwa haushikiki, nikawa naushika kwa kitambaa, na jasho lilikuwa linaingia machoni mpaka naona malori mawili mahali palipo na moja. Lakini mshale ulishuka. Ulishuka kabisa, ukatulia katikati, nami nikafurahi mpaka nikaanza kuimba zile nyimbo zetu za Jumapili. Nyuma kulikuwa kimya. Mlango ulikuwa unagonga na hakuna aliyemtuma kuku. Nikasema mama amelala, heri apumzike.

Tulipokwisha pita Lusahunga sauti yake ikaja. Safari hii hakumwita kuku.

"Petro, mbuzi umewafunga?"

Petro alikuwa baba mkwe wangu. Tulimzika miaka sita iliyopita, na jeneza nililitengeneza mimi.

Nikaegesha na kugeuka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa yangu kumtazama mama mkwe usoni. Mimi nilikuwa natiririka maji. Uso wake ulikuwa mkavu kama ubao. Macho yake yalinipita, yakatazama kitu kingine mbali nyuma yangu. Nilimwita mama, nikamwita tena. Akaniuliza mbuzi wako wapi. Nikasogeza kikombe cha maji mdomoni mwake, yakamwagika kifuani.

Nikazima hita. Injini ichemke ikitaka. Nikaendesha kwa kasi ambayo fundi wangu asingependa kuisikia, mshale ukipanda mbele ya macho yangu, nikiomba kila mtakatifu ninayemjua kwa jina. Tuliingia Nyakanazi moshi umetangulia. Nilisimama penye kivuli cha kwanza nilichokiona, na kilikuwa cha banda la mama ntilie, pale stendi.

Mwenye banda aliitwa Mama Neema, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia. Alitazama ndani ya gari mara moja tu, akaacha mwiko, akaniambia nimbebe mama nimlaze kwenye benchi, ndani, kwenye ubaridi. Nikasimama kama nguzo.

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

"Basi mbebe mkwe wako," akasema, "kabla hajawa marehemu wako."

Nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko ubao mmoja wa mninga. Kanga ikaanguka kichwani, nikafumba macho kwa heshima, na hapo nusura nitumbukie naye katika sufuria la maharage. Mama Neema akanishika shati, akanielekeza kama kipofu mpaka kwenye benchi. Kisha akanifukuza. Wanawake wawili wakamlegeza nguo, wakalowesha kanga kwa maji wakamfunika nazo, wakainua miguu yake juu ya gunia, na mmoja akawa anampepea kwa mfuniko wa sufuria. Mimi nilitumwa kuleta dumu la maji kutoka kwenye gari.

Lilikuwa limejaa mpaka shingoni. Yaliyopungua ni ya kuku, na kile kikombe kilichomwagika.

Tukampeleka zahanati kwa bajaji. Nesi, dada mmoja mdogo asiyecheka ovyo, akamtundikia maji. Ilipita saa moja na zaidi ndipo mama alipouliza hapa ni wapi, na alipoambiwa akanyoosha mkono kutafuta kanga yake. Nilikuwa nimesimama dirishani, nimewapa mgongo. Nesi alinisema kwanza mimi, kwamba mzee hasikii kiu kama sisi, kwamba mtu akiacha kutoka jasho na kuanza kuongea na wasiokuwepo hapo hakuna kusubiri, na kwamba kama ningedhani amelala kwa nusu saa nyingine tungekuwa tunaongea mengine. Kisha akamgeukia mama, akamuuliza kwa nini hakunywa wakati maji yalikuwa miguuni pake.

Mama akajibu polepole.

"Nikinywa nitataka kushuka. Nani amwambie mkwe wangu asimamishe gari nikojoe? Kuku?"

Nesi akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Mimi sikucheka. Nilitazama nje, barabarani, malori yakipanga foleni, na nikajiuliza ni safari ngapi mama huyu amekwenda hivyo hivyo, midomo imekauka, akisema hana kiu.

Tulilala Nyakanazi, yeye katika nyumba ya wageni pamoja na binti wa Mama Neema, mimi chumba cha pili. Fundi akabadilisha mpira wa rejeta. Nilikula wali na maharage yale yale niliyonusurika kuyaogelea. Na kuku naye alikuwa na mkasa wake. Nilipokuwa nakwenda zahanati nilimwambia Mama Neema amwangalie kuku wa mgonjwa. Yeye alielewa kwamba ni kuku wa kumpikia mgonjwa. Niliporudi, maji yalikuwa yanachemka, kisu kimenolewa, na kuku ameshikwa shingo. Nilipiga kelele ambayo bado wananikumbuka nayo pale stendi.

Nyakanazi hadi Runazi

Saa kumi na moja na nusu asubuhi tulikuwa tayari, hewa ikiwa bado ya ubaridi. Usiku nilikuwa nimewaza la kusema. Nikasimama nje ya gari, nikampa mama mgongo, na sikumtumia kuku. Nikamwambia kwamba nina kibofu dhaifu, jambo ambalo halina ukweli wowote, Redempta ni shahidi. Nikasema kwa hiyo nitasimama kila baada ya nusu saa. Nitashuka upande wa kulia, nitakagua tairi, nitanywa maji, na nitatazama miti mpaka nisikie mlango wake umefungwa. Upande wa kushoto ni wake.

Nilisubiri. Kuku alitoa sauti kidogo.

"Sawa, baba," mama akasema.

Mara ya kwanza niliposimama hakushuka. Mara ya pili nilisikia mlango ukifunguka, nikatazama miti kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana. Uliposikika umefungwa tukaondoka, na baada ya muda nikasikia maji yakimiminwa kwenye kikombe. Sikugeuka. Nilikaza macho barabarani na moyo wangu ulikuwa mwepesi.

Mara ya tatu tulikuwa tumeshaacha lami. Nilikuwa nimechoka kutazama miti, maana mtu hawezi kutazama mti mmoja siku nzima, nikaamua kukagua tairi kwelikweli. Tairi la nyuma kulia lilikuwa limetoa nundu ubavuni, kubwa kama chungwa. Nililigusa nikaondoa mkono upesi. Ndizi zote na gunia la maharage nilikuwa nimevirundika upande ule, na juu ya tairi lile ndipo alipokuwa amekaa mama. Jana tulikwenda nalo kwa kasi, kwenye lami inayounguza, katikati ya malori. Nilikaa chini barabarani kwa muda kidogo kabla ya kutafuta jeki.

Mama alishuka bila kuitwa. Alipanga mawe nyuma ya magurudumu mengine, kisha akachuchumaa karibu, akatanua upindo wa kanga, na kila nati niliyoifungua niliiweka humo. Tulipovisha tairi la akiba alinipa moja moja, nami nikazikaza. Halafu tukahamisha ndizi.

Runazi

Tulifika saa tatu na nusu, mahindi yameshavunwa, muhogo umeanikwa juu ya mawe. Mbele ya nyumba alisimama mama yake Mabula, mrefu, amenyooka, umri mmoja na mkwe wangu. Kiswahili chake ni kidogo. Akasema kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Mama Anastazia, aliyekuwa amejiandaa kwa lolote lile kasoro hilo, akaitikia, "Marahaba."

Mabula akaeleza kwa haraka kwamba ile ni habari za asubuhi tu, si shikamoo. Mama akajishika mdomo. Yule mwenzake alipotafsiriwa akacheka mpaka akainama, akamshika mkono, na wakaendelea kushikana hivyo hivyo.

Konsolata alikuwa mlangoni na watoto wote wawili. Hakusogea. Nilimwona anatazama viatu vya mama yake, vumbi lake, bandeji ndogo ya zahanati mkononi. Miaka minne haikuwa mchezo, na hakuna aliyejua nani aanze. Mama akatembea mpaka kwake.

"Nipe mmoja," akasema. "Mikono yangu leo haina nguvu ya wawili."

Konsolata akampa, na baada ya hapo wote wawili walilia, nasi wanaume tukakumbuka kwamba kuna ng'ombe wa kwenda kutazama.

Niwaambie pia kwamba mama alikuja na majina ya watakatifu aliyoyachagua kwa ajili ya wajukuu. Kwa Wasukuma mapacha ni Kulwa na Doto, hakuna mjadala. Kabla ya saa sita mchana nilimsikia akiuliza kama Kulwa amenyonya. Tulikula ugali, maziwa ya mgando, na viazi vya kukaushwa vilivyochemshwa, ambavyo wao wanaviita matobolwa na mimi nilikula mabakuli mawili. Wanawake walikula kwao. Kutoka huko nilisikia mama akisimulia jambo kwa kirefu, kisha vicheko, kisha Konsolata akatoka, akanitazama, akarudi ndani akicheka. Nikajua mama amefika kwenye sufuria la maharage, ambalo bila shaka alisimuliwa na binti wa Mama Neema.

Kurudi

Kurudi hakuna mengi. Mama ameamua kubaki mpaka watoto wakae wenyewe. Nilikuja peke yangu, nikasimama kila nusu saa, na saa tano nilikuwa nyumbani, injini ikiwa shwari.

Ila kabla sijaondoka, alfajiri, nilipokuwa napima upepo wa tairi, mama alitoka na ndoo ndogo na bakuli. Kanga ilikuwa mabegani. Akaniuliza kama nimekunywa maji. Nikamwambia nitakunywa njiani.

"Njiani hakuna wa kukuona," akasema. "Kunywa hapa."

Nikapokea bakuli kwa mikono miwili na, kwa mazoea, nikaanza kuzunguka kwenda nyuma ya gari.

"Hapo hapo, mwanangu."

Nikasimama mbele yake, nikanywa yote. Akalichukua bakuli, akachota tena, akanywa na yeye, taratibu, mpaka mwisho, na hakuna kati yetu aliyegeuza uso.